Wimbo wa Saba, Mara ya Pili

Mwakio,

Umetoka sasa hivi kwenda kurudisha helmeti na mabega ya plastiki kwenye klabu, na mama yako yuko kazini kwa wazee anaowatunza mpaka saa mbili. Nimejitengea meza ya jikoni. Mambo ya pasipoti, soksi na kupiga simu kila Jumapili mama yako ameshayaandika kwenye karatasi tatu: moja ameibandika kwenye friji, moja iko ndani ya begi, na ya tatu nadhani ameishona kwenye koti. Sina la kuongeza huko.

Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Marekani kucheza mpira wao wa kubeba mikononi, na kuna jambo nililolifanya miaka miwili iliyopita ambalo hulijui. Nilikuwa nimepanga uisome barua hii ukiwa angani, ambako huwezi kugeuka ukanigombeza. Huo ni uoga, na uoga wangu utausoma wa kutosha humu ndani, kwa hiyo nitakupa mkononi leo kabla hatujala.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ulipoanza. Wewe unakumbuka jezi iliyokufika magotini. Mimi nakumbuka mkutano wa wazazi. Hapa Sweden mtoto haendi uwanjani peke yake, anakwenda na ukoo mzima. Walitukusanya kwenye kantini ya shule, kahawa na maandazi ya mdalasini, karatasi ikazungushwa: nani atauza soseji, nani atafua jezi, nani ataendesha gari, nani atapita mlango kwa mlango akiuza karatasi za chooni ili klabu ipate nauli. Mimi nilichelewa kwa sababu bomba lilipasuka pale shuleni ninapofanya kazi, nikafika na suruali imelowa. Karatasi iliponifikia ilikuwa imebaki nafasi moja tu. Muziki.

Kocha Dale akanipa amplifaya, spika mbili na CD aliyoitengeneza mwenyewe. Unamjua, Kiswidi chake anakitafuna kama nyama ngumu. Akanieleza kazi. "Mchezo wetu husimama kila baada ya pumzi chache," akasema. "Ukisimama, wewe unajaza. Kimya kikizidi, watu wanakumbuka baridi."

Nyimbo zenyewe zilikuwa na namba, kila moja na kazi yake. Ya kwanza ya timu kuingia. Ya tatu ngoma tupu, ya kuwatia wapinzani kiwewe wakibakiza jaribio la mwisho. Ya tano ya makofi, ile ambayo hata bibi kizee aliyekuja kumtazama mjukuu hawezi kuizuia mikono yake. Na ya saba ilikuwa ya kupigwa tunapofunga. Matarumbeta, na wanaume wengi wanaimba kwa pamoja: wimbo wa chuo alichosoma Dale huko Marekani, uliorekodiwa zamani uwanjani kwao. Ukisikiliza vizuri, matarumbeta yakishanyamaza na umati ukishatulia, kuna mtu mmoja anaendelea kupiga makofi peke yake. Makofi matatu. Halafu rekodi inakatika.

Nataka uelewe wimbo huo ulinifanya nini, maana bila hilo mengine yataonekana ya kichaa. Nilipokuwa kijana Voi nilipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, na nilikuwa mzuri, si kujisifu. Nikaja huku kusoma, masomo yakanishinda, nikaanza kufagia. Nimebadilisha balbu, nimezibua vyoo, nimekwangua theluji kwenye ngazi za watu ambao hawajui jina langu. Miaka yote hiyo sikumbuki mtu kuinuka kwenye kiti kwa sababu yangu. Siku ya kwanza mlipofunga nikabonyeza saba, na jukwaa zima likasimama. Nilijua wanasimama kwa ajili yenu. Lakini kidole kilikuwa changu, na usiku huo sikulala kwa furaha, mtu mzima mimi.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Dale aliirudia mpaka nikachoka. Mchezaji akilala chini, muziki unazimwa, na haurudi mpaka atoke uwanjani kwa miguu yake au abebwe.

Sasa ile mechi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, mechi ya mwisho ya msimu, majani yameshaanguka. Dale alikuwa ameweka kamera juu ya jukwaa kwa sababu mwenzake wa chuo kile alitaka kukuona unavyokimbia. Wewe ulijua, mimi nilijua, mama yako alivaa lile koti jekundu ili aonekane kwenye picha. Robo ya tatu ulifunga, nikapiga saba, watu wakasimama. Dakika chache baadaye ukachukua mpira ukapita katikati, na vijana wawili wa wapinzani wakakugonga kichwani, mmoja huku, mwingine huku. Nilisikia mlio wa helmeti mpaka mezani kwangu.

Nilizima. Ukalala pale, ukainuka, ukaja pembeni kwa miguu yako, na mama yako akaketi akidhani yameisha. Yeye alikuwa mbali. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwako, chini ya lile turubai la meza yangu ya muziki. Dale akachuchumaa mbele yako, akakushika helmeti kwa mikono miwili, akakuuliza maswali yake anayomuuliza kila aliyegongwa. Tuko wapi. Ukajibu. Tunacheza na nani. Ukajibu, ukichelewa. Halafu lile swali lake la mwisho, alilokuwa akijivunia kwamba hakuna anayeweza kulikariri nyumbani: tulipofunga mara ya mwisho, ulipigwa wimbo gani?

Ulifungua mdomo. Ukanitazama. Mwanangu, macho yale nayaona hata sasa ninavyoandika, ulinitazama kama mtu aliyesahau mlango wa kwao. Hukujua. Ulikuwa umefunga wewe mwenyewe, na hukujua.

Nikabonyeza saba. Nilishusha sauti, nikaiachia kama kwa kuteleza kwa kidole, matarumbeta mawili matatu, nikazima.

"Saba," ukasema.

Dale aligeuka akanitazama. Nikainua mikono kama kumwambia samahani, waya huu. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa, kisha akatazama ile kamera juu, akakupiga begani, ukarudi uwanjani. Ukafunga tena. Nikapiga saba kwa sauti yote, na watu wakasimama, na mimi nikalia pale chini ya turubai. Mama Aline wa kwenye soseji akaniletea kitambaa cha karatasi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wewe na mimi, mama yako alitangulia kupika. Mimi nilivuta kile kigari cha spika, waya zote nimezizungusha mkononi. Tulipofika pale kwenye njia ya chini ya reli ukasimama ukaniambia kwa Kiswidi chako: "Pappa, har du glömt stänga av?" Umesahau kuzima muziki? Nikakuonyesha waya. Ukacheka, ukasema labda ni watoto wa jirani. Treni ya kijani ikapita juu yetu, kelele zikajaa, na ilipokwisha kupita ukaniambia, bado.

Nilikwambia ni uchovu. Hilo ni kosa la pili, na lilikuja rahisi kuliko la kwanza.

Miezi ile ya baridi nilikuchunga bila kukuonyesha. Shuleni ulikuwa sawa, chakula ulikula cha watu wawili, mazoezini walikusifu. Nikaanza kupumua. Halafu ile Jumamosi ya zamu yetu ya kufua, tuko chini kwenye tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo letu, umeshika ncha mbili za shuka nami ncha mbili. Mashine zilikuwa zimemaliza. Kimya kabisa mle ndani, taa ile inayojizima yenyewe. Ukasimama na ncha zako, ukaanza kupiga kidole kwenye shuka kwa mapigo.

"Wamefika pale pa mwisho," ukasema, bila wasiwasi, kama unayenipa habari za hali ya hewa.

"Pa mwisho wapi?"

"Pale yule mtu anapopiga makofi peke yake. Lakini kwenye CD inakatika, pappa. Mimi kwangu wanaendelea."

Nikakuuliza wanaendeleaje, ukaniimbia bila maneno. Kipande kirefu, cha taratibu, kinashuka kuliko ule wimbo wenyewe, na ndani yake mapigo ya yule mtu wa makofi. Taa ikajizima ukiwa bado unakiimba. Nilitembea gizani kuitafuta swichi.

Kesho yake nilikwenda stoo ya klabu, funguo ninazo, nikaichomeka amplifaya nikapiga saba mara nne. Kila mara ilikwisha palepale: makofi matatu, inakatika. Nilizima, nikachomoa waya ukutani. Nikakaa kwenye kreti la chupa za maji, na ule uimbaji wako ukaendelea kichwani mwangu kutoka pale rekodi ilipokatikia, kana kwamba ulikuwa sehemu yake tangu zamani. Nilifunga mlango nikaondoka na kofia nimeisahau ndani.

Unajua lililonitisha zaidi? Ni siku ya mwaka jana mama yako alipokuwa akimenya viazi, mgongo kanipa, akawa anakiimba kile kipande. Kile kisichokuwepo. Nikamuuliza ameutoa wapi wimbo huo. Akasema, "Si ule wa mpira wenu? Mwakio anauimba bafuni kila siku." Akaendelea na viazi vyake. Kitu kilichozaliwa kwenye jeraha la kichwa chako kimeingia jikoni kwetu, na mama yako anakipikia chakula bila kujua.

Sikumwambia. Leo atajua, nitamwambia mwenyewe, na naomba usinitangulie.

Nimejiuliza sana kwa nini kidole changu kilikwenda. Jibu la haraka ni ile kamera, na chuo, na kwamba nilitaka mtoto wangu apate kilichonishinda mimi. Ni kweli. Lakini lipo la ndani zaidi. Siku babu yako alipofariki, simu iliingia asubuhi unakunywa uji. Niliikata nikafungulia redio mpaka mwisho, nikaingia chooni. Ulikuwa na miaka sita, ulidhani nina furaha, ukacheza. Nilisikia miguu yako ikicheza nami nimekaa kwenye kifuniko cha choo na taulo mdomoni. Mimi ni mtu wa kujaza kimya, Mwakio. Nilikuwa hivyo kabla ya kumjua Dale. Nilimdanganya baba yangu kwenye simu kwa miaka minne kwamba bado nasoma, kwa sababu kila aliponiuliza nilishindwa kuvumilia ule mwanya kabla ya kusema hapana.

Na siku ile pale pembeni, ule mwanya ulikuwa wako. Swali limeulizwa, wewe huna jibu. Kimya kile ndicho kilichokuwa kikusaidie. Dale angekivumilia kidogo tu, angekuvua helmeti, ungekaa kwenye benchi umefunikwa blanketi, ungenichukia wiki nzima na ungekuwa mzima. Nilikunyang'anya.

Mama Aline hakulisahau. Unamjua, Mrundi yule maneno yake ni ya kupima. Msimu huu tulikuwa tunaosha sufuria za soseji, akaniambia bila kuinua kichwa, "Baba Mwakio, siku ile niliona mkono wako."

Nikasema mkono gani.

"Wa kulia," akasema. "Miye sijamwambia mtu, na sitamwambia. Mtoto si wangu. Lakini ukinyamaza mpaka aende, huko ataulizwa na watu wasiompenda."

Nilimkasirikia. Nilimwambia asugue sufuria yake. Wiki mbili sikumsalimia, na tunapanda treni moja.

Kisha ikaja ile fomu ya afya kutoka chuoni. Uliiacha hapa mezani, ukasema baba jaza wewe, Kiingereza chako cha shule ni kizuri. Walikuwa wameuliza wazi: je, mchezaji amewahi kugongwa kichwa, amewahi kupoteza kumbukumbu, anasikia au kuona visivyokuwepo. Visanduku vitatu. Nikaweka alama ya hapana kwenye vyote vitatu, vizuri, kama kwa rula, wewe ukasaini chini bila kusoma kwa sababu baba yako ndiye aliyejaza. Hilo ni la tatu, na hilo halikuwa kuteleza kwa kidole. Nilikuwa na muda wa kwenda kunywa maji na kurudi.

Kilichonivunja ni wiki iliyopita. Ulinionyesha kwenye kompyuta ile video waliyokutumia, ya uwanja wao siku ya mechi. Umati ule sijawahi kuuona hata kwenye mazishi ya rais. Na wanaimba nini? Saba. Bila shaka, ni wimbo wao, ndiko ulikotoka. Wote wamesimama. Nilijua nitausikia, na bado nilisogeza kiti nyuma. Ukaisha, yakawepo makofi ya kawaida, picha ikakatika, kioo kikawa cheusi. Sisi wawili tukaonekana ndani yake.

Wewe ulikuwa bado unatikisa kichwa. Unatabasamu.

"Umesikia?" ukasema. "Hawa wanauendeleza mpaka mwisho."

Nikasema ndiyo, nimesikia. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo.

Usiku huo ndipo nilipoelewa unakokwenda. Hapa mtaani kwetu Rågsved, saba ikisikika na spika imefungwa stoo, angalau mmoja wetu anajua kwamba haipigwi. Huko watakuwa wanaupiga kweli. Watauimba asubuhi bwenini, watauimba kwenye basi, watauimba uwanja mzima. Hutajua upi ni wao na upi ni wako. Na siku utakapogongwa tena, maana utagongwa, ndio mchezo wenyewe, kocha wa huko atachuchumaa mbele yako akuulize, na wimbo utakuwa unakujibia kila swali.

Nilitaka kukuachia uamuzi. Umeshakuwa mtu mzima, umevaa kofia nyeupe ya kumaliza shule, nimekubeba mabegani nikaumwa mgongo siku tatu. Nikasema moyoni nitamwambia ukweli, yeye ataamua kama atawaambia. Lakini nimelizungusha hili wiki nzima na kila mara linakwama mahali pamoja. Mtu anayesikia wimbo hawezi kuulizwa kama unapigwa.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, ulipokuwa unanyoa, nimemwandikia daktari wa timu yako. Nimemweleza kila kitu, mechi, swali, kidole changu, ile njia ya chini ya reli, shuka, video. Nimemwambia fomu ile niliijaza mimi na ni uongo. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Kwa Dale nimekwenda mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu, nami nikamwacha akae. Kisha akasema, "Nilijua waya haukuwa na shida." Basi. Wazee wawili jikoni kwake, kahawa imepoa.

Kesho unaweza kupanda ndege. Tiketi ni yako, na chuo kina madarasa, si uwanja tu. Huenda daktari akakupima akakuta hakuna kitu, ukacheza, na mimi nitaomba msamaha kwa kukuaibisha. Huenda akakuvua jezi kabla hujaivaa. Huenda wakakurudisha, na utakaa tena kwenye chumba kile kidogo ukinitazama kila asubuhi, na utakuwa na haki. Najua nimekuchukulia nini. Nimekaa na hilo, na bado ningetuma.

Utakasirika, Mwakio. Kasirika. Usinifichie kwa "jag mår bra, pappa", niko sawa baba, ile yako ya kufunga mlango. Nilizoea kuifurahia kwa sababu ilikuwa inanipumzisha. Ukiwa huko huna nafuu, sema sina. Ukisikia, sema nasikia. Na akichuchumaa mtu mbele yako akakuuliza swali lolote usilolijua, usinitafute kwa macho. Mwambie sijui. Kaa na kimya kinachofuata, hata kikiwa kirefu, hata jukwaa zima likisubiri. Mimi niliogopa kimya hicho maisha yangu yote, na hakijawahi kunifanyia ubaya nilioufanya nilipokikimbia.

Nakupenda. Sijawahi kukuambia kwa Kiswahili, sijui kwa nini, kwa Kiswidi neno hutoka rahisi na halina uzito.

Mlango wa chini umefungwa sasa hivi kwa kishindo, ndivyo unavyoufunga wewe. Nakusikia kwenye ngazi. Unauimba, matarumbeta kwa mdomo, kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa na miaka kumi na mmoja. Umefika ghorofa ya pili. Umepiga yale makofi matatu kwenye chuma cha ngazi. Nimeshika kalamu, nasubiri uishie hapo, na hujaishia.

Baba yako